Mfupa Unaochelewa Kuunga: Safari Yetu ya Eldoret

Mtu wa Pwani apandapo Eldoret kwa mara ya kwanza hupokewa na baridi kabla ya kupokewa na wenyeji. Mji umekaa juu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kuufikia kutoka Mombasa ni mwendo wa kilomita zipatazo 800. Huvuka nyika ya Taita na Makueni, hupita Nairobi, huteremka Bonde la Ufa, huziacha Naivasha na Nakuru nyuma, kisha hupanda misitu ya Timboroa ambako mstari wa Ikweta unapita, na hata hivyo watu wamejifunika mablanketi. Baada ya hapo ardhi hutulia, mashamba ya mahindi na ngano yakatanda pande zote mbili za barabara, na mji ukajitokeza kando ya mto Sosiani.

Jina la Eldoret latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Lakini wazee wa huko hadi leo huuita mji wao Sikisti Foa, kwa kuwa posta yake ya kwanza, ya mwaka 1910, ilijengwa katika shamba lililopewa nambari 64. Miaka miwili kabla ya hapo, walowezi wa Kiburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wameteremka katika bandari yetu ya Mombasa, wakachukua treni hadi Nakuru, na kutoka Nakuru wakapanda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, siku baada ya siku, wakizama matopeni. Reli haikufika Eldoret hadi 1924. Basi kwa miaka kumi na sita, kila gunia na kila bati la mji ule lilifika kwa nguvu za mnyama. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilitawazwa kuwa jiji. Ina chuo kikuu, hospitali kubwa ya rufaa, uwanja wa ndege wa kimataifa, na wanariadha ambao dunia nzima yawajua kwa majina. Na mnyama bado anakokota.

Hilo ndilo lililotuvutia sisi, watu tuliozoea punda wa Lamu wenye kupita vichochoroni na matumbawe mgongoni. Tulidhani tutawaacha punda nyuma yetu pindi tukiondoka Pwani. Tukawakuta Eldoret alfajiri, wakati tunatoka msikitini, wawili wawili chini ya nira, wakivuta mikokoteni ya mapipa ya maji, magunia ya makaa, mchanga wa ujenzi, maziwa na majani ya ng'ombe. Katika mitaa kama Langas, Huruma na Munyaka, nyumba nyingi hutegemea mkokoteni wa punda kwa maji siku mfereji unapokauka. Na kila mama anajua, bila kuambiwa na mtaalamu yeyote, kwamba pipa lisilobebwa na punda hubebwa na mgongo wake yeye au wa binti yake.

Tulikuwa tumealikwa kwa nikahi ya jamaa zetu. Siku ya pili baada ya walima, mwenyeji wetu alituomba tumsindikize kwa jirani yake mjane huko Langas, aliyekuwa na swali ambalo hakutaka kulipeleka mbele za watu. Tulimkuta mama huyo uani, kando ya kibanda cha mabati. Ndani alisimama punda dume, kijana bado, miaka mitatu au minne, mguu wa mbele wa kushoto umeviringwa vitambaa na vijiti. Mfupa mrefu ulio chini ya goti ulikuwa umevunjika wiki tisa nyuma, mkokoteni ulipobiruka kwa kukwepa bodaboda. Ngozi haikupasuka. Mwanawe mkubwa aliufunga mguu kwa vijiti siku ile ile, naye punda akaachiliwa achechemee uani na hata barabarani, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkatia majani.

"Maalim," akasema baada ya kutukaribisha chai, "huyu ndiye aliyekuwa akilipa karo ya watoto wangu. Mmoja aniambia nimchome sindano afe, apumzike. Mwingine ameleta mteja wa ngozi, pesa mkononi. Na mimi naogopa dhambi kwa upande huu na kwa upande ule. Niambieni, nifanye nini?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia, "Dada yetu, kabla ya kutuuliza sisi, tumtafute anayejua mifupa." Mwenyeji wetu akampigia simu daktari wa mifugo, kijana mpole, aliyefika kabla ya Laasiri. Mengi ya tutakayoyaeleza hapa yalianzia katika mazungumzo yetu naye pale uani, na tumeyafuatilia zaidi tuliporudi nyumbani.

Wengi wetu huudhani mfupa kuwa kitu kikavu, kama gongo. Mfupa uko hai, una mishipa yake ya damu, na hujijenga upya maisha yote. Unapovunjika, damu humwagika mahali pa pengo na kuganda. Donge hilo la damu ndilo mwanzo wa tiba, kwani chembe za kusafisha hukusanyika humo kuondoa kilichokufa. Kisha gegedu laini hujaza pengo na kuzishika ncha mbili. Gegedu hilo polepole huingiwa na madini, likawa mfupa mchanga, mnene na usio na umbo. Mwisho, kwa miezi mingi, mwili huuchonga mfupa huo hadi ukakaribia sura yake ya asili. Kazi hiyo yote yahitaji mambo manne: ncha ziwe karibu, pengo litulie bila kutikisika, damu ifike ya kutosha, na uchafu usiingie. Likikosekana moja, mfupa huchelewa. Yakikosekana mawili, huenda usiunge kabisa, ncha zikavikwa kovu laini na mguu ukabaki kupinda kana kwamba una goti la pili.

Sasa tazama mguu wa farasi au punda chini ya goti. Hapana nyama hapo. Kuna ngozi, kano na mfupa, basi. Mfupa uliozungukwa na misuli hupata damu kutoka kwa misuli hiyo, ilhali huu hupata kidogo. Halafu mgonjwa mwenyewe halazwi kitandani. Mwanadamu aliyevunjika muundi hupewa magongo na kuambiwa alale. Farasi wa mbio mwenye uzito wa kilo 500 hana budi kusimama kutwa, na ni mnyama aliyeumbwa kukimbia anaposhtuka. Akiuinua mguu mbovu, uzito wake wote wa mbele huangukia mguu mzima, na hapo huzuka maradhi ya kwato, yaani tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato hulegea na kuachia, kwa maumivu makali mno.

Habari za farasi Barbaro wa Marekani zaonyesha jambo hilo wazi. Mwezi wa Mei 2006 alishinda mashindano makubwa ya Kentucky Derby. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mbele ya maelfu ya watazamaji mjini Baltimore. Alipelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akawekewa bamba la chuma na skurubu 27. Wenye farasi hawakubana fedha, na madaktari walikuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo. Mifupa iliunga kwa sehemu kubwa. Lakini kwato za miguu mingine ziliharibika kwa kubeba uzito, na tarehe 29 Januari 2007 ilibidi auawe kwa sindano. Kilichomwondoa ni miguu ambayo haikuvunjika.

Kutokana na misiba ya namna hiyo, wataalamu wamekuwa wakitafuta njia za kuuharakisha mfupa, ili mnyama asisimame kwa mguu mmoja miezi kadhaa. Njia hizo kwa jumla twaweza kuziita tiba za kuhuisha. Ya kongwe ni kipandikizi: daktari huchota mfupa laini wenye matundu, mfano wa sifongo, kutoka nyonga au kidari cha mnyama mwenyewe, akaujaza penye pengo. Mfupa huo hubeba chembe hai, na pia huwa kiunzi cha mfupa mpya kuotea. Ya pili ni uboho. Mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, Alexander Friedenstein, alianza kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba ndani ya uboho mna chembe zenye uwezo wa kutengeneza mfupa. Leo daktari aweza kuingiza sindano katika kidari cha farasi, akavuta uboho, akauzungusha kwa mashine hadi chembe zile zikakusanyika pamoja, kisha akazidunga penye ufa. Wengine huzikuza kwanza katika maabara kwa wiki kadhaa ziwe mamilioni.

Ya tatu hutumia damu. Chembe sahani, zile zinazoigandisha damu tunapojikata kisu jikoni, hubeba vitu vinavyoziita chembe za ujenzi. Damu ya mnyama ikizungushwa, sehemu yenye chembe sahani nyingi hutengwa na kurudishwa mahali pa jeraha. Ya nne ni protini. Mwaka 1965 daktari Marshall Urist wa Los Angeles alitangaza kwamba mfupa ulioondolewa madini yake, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, husababisha mfupa mpya uote hapo msulini. Ndani yake mlikuwa na protini zinazoziamrisha chembe kuwa mfupa. Protini hizo sasa hutengenezwa maabara, na hutumika kwa wanadamu katika baadhi ya upasuaji.

Msomaji asidhani kwamba tumepata dawa ya muujiza. Kwa farasi, tiba hizi zimetumika zaidi katika kano zilizochanika kuliko katika mifupa iliyovunjika, na ushahidi wake katika mifupa bado ni mchache. Tena hakuna hata moja kati yake inayochukua nafasi ya plasta au bamba. Uboho ukidungwa katika mfupa unaotikisika ni sawa na kupanda mbegu juu ya jukwa linalozunguka. Kwanza mfupa utulizwe, ndipo usaidiwe.

Tulimwuliza daktari wetu wa Eldoret kama lolote katika hayo lingewezekana pale. Akatabasamu. "Ustadhi, uboho wenyewe si mbali. Uko hapa," akagusa kidari cha punda. "Sindano ninayo. Lakini nikiingiza sindano katika mfupa uani, kwenye vumbi na mbolea, naweza kumletea usaha ambao hautatoka. Na hata nikifanikiwa, sina picha ya eksirei ya kuniambia nimedunga wapi." Kisha akakata vitambaa na vijiti, akaushika mguu kwa mikono miwili, akautikisa taratibu sana. Mfupa ulikuwa na mchezo mdogo penye ufa. "Haujaunga," akasema, "lakini haujakata tamaa. Kuna fundo limeanza. Tatizo ni kwamba kila linapoanza kukauka, yeye huenda matembezi."

Jambo alilolisema baadaye lilitukaa moyoni. Punda, alisema, ana heri kuliko farasi katika msiba huu. Punda wa kwetu hafiki hata theluthi ya uzito wa farasi wa mbio, kwa hiyo plasta yamtosha mara nyingi penye kumshinda farasi. Tena ni mtulivu, hapigani na plasta. Na huyu alikuwa kijana, na mfupa wa kijana huunga upesi. Ila utulivu huo huo ndio unaomponza, kwani punda huficha maumivu yake, na watu humwona amesimama kimya wakadhani hana shida.

Sasa turudi kwenye swali la mama yule, maana ni swali la sharia pia. Katika Qur'ani punda ametajwa pamoja na farasi na baghala, katika Suratun Nahl aya ya 8, kuwa ni vipando na ni pambo kwetu. Na katika Suratul Baqara aya ya 259 mifupa ya punda imefanywa ishara: mtu aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa aliambiwa amtazame punda wake, na aitazame mifupa inavyoinuliwa na kuvikwa nyama. Anayesoma aya hiyo hawezi kuudharau mfupa wa punda.

Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika Pwani yetu, walilijadili suala hili kwa undani. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Lamu na Mombasa wamekisoma, aeleza kwamba mwenye mnyama anawajibika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: mnyama wa kuliwa, amlishe, amuuze au amchinje, na mnyama asiyeliwa, amlishe au amuuze. Kuchinja hakutajwa kwa huyu wa pili. Na katika Fathul Muin, kitabu cha Zainuddin al-Malibari wa Malabar, imeelezwa kwamba ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano uliotolewa hapo ni wa punda mwenye ugonjwa wa kudumu. Wapo, kwa upande mwingine, wanachuoni wa madhehebu mengine na wengi wa zama zetu walioruhusu kumfisha kwa upole mnyama anayeteseka ikiwa hapana tumaini la kupona, wakiona kwamba kumwacha katika adhabu ni ukatili.

Hatukusudii katika ukurasa huu kuhukumu baina yao. Kila mwenye msiba amwulize mwanachuoni anayemwamini. Tunaloliona ni kwamba pande zote mbili zinasimama juu ya jambo moja ambalo fakihi halijui kwa kitabu chake, nalo ni hali ya mnyama. Je, ugonjwa huu ni wa kudumu, au ni mfupa uliocheleweshwa na watu? Tumaini limekwisha, au halijatafutwa? Anayejibu hilo ni mtabibu. Zamani punda aliyevunjika mguu alihesabiwa amekwisha. Leo wengi wao huunga kwa plasta na mapumziko, na huko Ulaya, Marekani na Ghuba uboho na damu vinausogeza mpaka wa tumaini mbele zaidi. Basi anayetoa hukumu ya kukata tamaa bila kumwita mtabibu amehukumu bila shahidi. Na tusisahau kwamba mpaka huo hausogei sawasawa kwa wote. Kwa farasi wa tajiri huwekwa na mfupa wenyewe. Kwa punda wa mjane huwekwa na nauli ya daktari na bei ya plasta.

Lilibaki suala la mteja wa ngozi. Kitabu kinaruhusu kuuza, lakini lazima tujue tunamuuzia nani. Tangu 2016 nchi yetu ilifungua machinjio ya punda kwa leseni, Naivasha na Mogotio zikiwamo, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China. Huko huchemshwa hadi zikatoa gundi ya dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ulienea, wenye mikokoteni wakaamka asubuhi wakakuta zizi tupu. Katika sensa ya 2009 Kenya ilikuwa na punda wapatao milioni 1.8, na ile ya 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Serikali iliifunga biashara hiyo 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia katika bara zima. Mnyama mwenye mguu uliovunjika ndiye wa bei rahisi kwa wateja wa namna hii, naye hupakiwa lorini na mguu wake ukining'inia. Tulimwambia mama kwamba mnunuzi huyo hanunui punda, ananunua ngozi, na kwamba safari itakayofuata ni adhabu. Alinyamaza, kisha akamwambia mwanawe amrudishie yule mtu arbuni yake.

Daktari alifunga plasta mpya, kuanzia chini ya ukwato hadi juu ya goti, ili viungo viwili vitulie. Aliagiza punda afungiwe katika kibanda kidogo asichoweza kuzungukia, alazwe juu ya maganda ya mbao yenye kina, ukwato wa mguu mzima ukaguliwe kila siku na kufungwa pedi laini, majani na maji yaletwe miguuni pake, na plasta ibadilishwe baada ya wiki nne. Alitoa dawa ya maumivu. Gharama ilichangwa na jirani zake na baadhi ya waliokuja nikahini. Mwanawe mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikabidhiwa kazi ya majani, na mama akaongeza kuuza mandazi ili kufidia mkokoteni uliolala.

Tumepata habari zake wiki mbili zilizopita. Plasta ya pili imefunguliwa. Mfupa umeunga, ingawa kwa kombo, na fundo lake laonekana kwa jicho. Daktari amesema hatavuta tena mkokoteni wa mapipa, lakini baada ya miezi mingine ataweza kubeba madumu mawili ya maji mgongoni kwa mwendo mfupi. Hilo si karo ya shule. Mama bado anatafuta punda wa pili, na deni la mandazi bado lipo. Lakini watoto wake hawaendi tena mtoni na ndoo, na punda yu hai.

Wasomaji wetu wa Lamu, Siyu, Faza na Pate wana punda kuliko wana magari, na Lamu ina historia njema katika jambo hili, kwani tangu 1987 shirika la Kiingereza la hifadhi ya punda lilifungua zahanati yao pale mjini. Tunawausia mambo machache. Punda akivunjika, msimwendeshe hata hatua moja, mfungieni mahali alipo na muutulize mguu kwa kitata kinachovuka kiungo cha juu na cha chini ya jeraha. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa siku za kwanza ndizo zinazoamua kama mfupa utaunga. Akipewa mapumziko, yawe mapumziko kweli, wiki nane au zaidi, bila kumjaribu-jaribu. Na kabla ya msiba, punguzeni mzigo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabu anayemzidishia mnyama mzigo kuwa mkosa, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlaani aliyemtia punda chapa ya moto usoni.

Katika kila mtaa wenye punda kumi au ishirini, akina mama wanaweza kuweka kisanduku kimoja cha mchango mdogo wa kila wiki, kama wanavyoweka cha arusi na cha maziko, kiwe cha daktari wa mifugo na plasta. Langas walikianzisha baada ya sisi kuondoka. Shilingi ishirini kwa kila mkokoteni, kila Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.